Ghala limejaa, au limejaa hewa?

Karibu kila mtu anayenitafuta kuhusu ghala huanza na sentensi ileile, "tumejaa, tunahitaji jengo kubwa zaidi", na mimi kabla hatujafika huko huwa namuomba asimame katikati ya ghala lake aangalie juu. Mara nyingi juu kuna hewa tupu. Mzigo umepangwa chini, paleti (vile vichaga vya mbao vya kupangia mzigo) mbili zimebebana, tatu wakijitahidi, halafu kutoka hapo mpaka darini kuna mita tano sita ambazo zinalipiwa kodi na kuwashiwa taa na hakuna kilichokaa humo. Jengo lenye kimo cha mita 9 ambalo mzigo wake unaishia mita 3 limetumika theluthi tu, na hapo bado hujatoa njia za foklifti, zile mashine za uma za kunyanyulia paleti, ambazo peke yake zinaweza kula nusu ya sakafu na zaidi.

Sasa usikimbilie kununua raki ndefu, zile fremu za chuma za kupangia paleti ghorofa kwa ghorofa. Hilo ndo jibu la muuza raki, na simlaumu, ndo biashara yake. Ubishi wangu wa siku zote na wenye maghala uko kwingine, kwamba nafasi na mwendo vinagombania jengo moja. Kila unapobana ili mzigo mwingi zaidi ukae, unafanya kuutoa kuwe kugumu zaidi, na kila unapofungua njia ili mzigo utembee vizuri unapoteza mahali pa kuweka. Hakuna ghala linaloshinda pande zote mbili. Kazi ya anayebuni ni kuamua wapi anabana na wapi anaachia, na hawezi kuamua hilo kama haujui mzigo wenyewe. Shida ni kwamba wengi wanaanza na ukuta, wanachora jengo, mita 60 kwa 100, linapendeza kwenye karatasi, halafu ndo wanauliza raki zitakaaje humo ndani. Inatakiwa iwe kinyume: paleti inakupa raki, raki na foklifti vinakupa upana wa njia, njia zinakuambia nguzo za jengo zisimame wapi, na ukuta unakuja mwisho kabisa kuzungushia kitu ambacho kilishapangwa.

Tuanze na hiyo paleti basi. ISO, shirika la viwango la kimataifa, linatambua saizi sita za paleti, kwa hiyo hata hapo mwanzo tu fujo ipo. Kuna ya 1200 kwa 1000 mm, kuna ya Ulaya ya 1200 kwa 800, kuna ya Marekani ya inchi 48 kwa 40 ambayo inatoka kama 1219 kwa 1016. Mtu ataniambia milimita 19 ni kitu gani. Milimita 19 si kitu mpaka raki iwe imepimwa kwa kubana na dereva anaingiza paleti mita nane juu, hapo utaona. Halafu kontena nayo upana wake wa ndani ni kama mita 2.35, yaani paleti mbili zikilala kwa upande wa 1200 haziingii pamoja, inabidi moja ikae kwa 1200 na mwenzake kwa 1000. Kontena na paleti kila kimoja kilikua kivyake, havikuulizana, na anayelipa deni hilo ni wewe unayepakua.

Na usiishie kwenye mbao za paleti. Pima mzigo wenyewe ukiwa juu yake, kwa sababu magunia huvimba na kutokeza nje, katoni nazo huegemea upande. Kipimo kinachosahaulika kuliko vyote ni kimo. Nimeona maghala ambayo kila ngazi ya raki imewekwa kwa kimo kimoja, mita 2, kwa sababu kuna bidhaa fulani inafika mita 1.85, kumbe paleti nyingi zilizobaki zina mita 1.2 tu. Hapo kila paleti fupi inakaa na sentimita 80 za hewa juu ya kichwa chake, zidisha kwa mamia ya nafasi halafu uniambie jengo limejaa nini. Dawa yake wala haina ufundi mkubwa, boriti za raki nyingi, vile vyuma vya kulala vinavyobeba paleti, zinahamishika, unagawa mzigo kwenye makundi mawili matatu ya kimo na kila kundi unalipatia ngazi zake. Ila ukihamisha boriti lazima hesabu ya uzito wa raki irudiwe, kwa sababu nguzo ya raki inabeba mzigo mdogo zaidi pale boriti zinapoachana sana. Hili watu hawalijui na ndo hatari yake.

Baada ya kupima, taarifa. Sio taarifa ya wastani tafadhali. Wastani wa mwaka mzima ni namba isiyotokea hata siku moja, ghala haliishi kwenye wastani, linaishi kwenye wiki ile ya msimu ambayo malori yamepanga foleni mpaka barabarani. Nataka kuona kila aitemu, yaani kila aina ya bidhaa, inaingia paleti ngapi, inatoka ngapi, inatoka kama paleti nzima au katoni moja moja, na inakaa siku ngapi. Hiyo siku ngapi ndo kiini. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni moja nyepesi ya mambo ya foleni, kwamba idadi ya vitu vilivyomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda ambao kila kimoja kinakaa. Kwa lugha ya stoo, ukipokea paleti 100 kwa siku na kila moja inakaa siku 20, una paleti 2,000 ndani. Zikikaa siku 15 una 1,500. Umeokoa nafasi 500 za paleti bila kununua hata boriti moja. Ndo maana huwa naomba orodha ya mzigo ambao haujaguswa kwa mwaka mzima kabla sijafungua programu ya kuchorea, na karibu kila mara orodha hiyo inamuudhi mtu fulani ofisini, maana kuna aliyeyanunua hayo mabomba yaliyolala kule pembeni na hataki yajadiliwe.

Milango sasa. Kama kuna sehemu ya ghala inayoonewa ni hii ya kupokelea na kutolea mzigo. Kwenye mchoro wa kwanza inakuwa pana, mchoro wa pili mtu anaongeza safu moja ya raki, wa tatu safu nyingine, mpaka inabaki kipande ambacho lori moja tu likipakuliwa hakuna pa kupita. Piga hesabu: trela refu la mita 13.6 linabeba paleti 26 za 1200 kwa 1000. Ukizishusha chini, zenyewe tu zikiwa zimebanana zinachukua mita za mraba 31 na kitu, na haziwezi kubanana kwa sababu mtu lazima apite katikati ahesabu na kukagua lebo. Kwa hiyo kwa kila mlango unaotumika tenga mita za mraba 50 kwenda juu, na ukiona kubwa kumbuka kwamba paleti isiyo na mahali pa kusubiri itasubiri njiani, na njia ikishafungwa foklifti zote zinasimama.

Idadi ya milango nayo inatoka kwenye kanuni ileile ya Little. Malori 6 kwa saa ya kilele, kila moja dakika 45 mlangoni, ni 6 mara robo tatu, 4.5, yaani milango mitano na huo ndo mwanzo tu, maana malori hayafiki kwa mpangilio, yanafika kwa makundi, kwa hiyo ongeza. Au wapangie malori saa zao za kufika, ambayo ni rahisi kuliko kubomoa ukuta. Urefu wa jukwaa la kupakulia huwa karibu mita 1.2 kutoka ardhini ili lilingane na bodi ya lori kubwa, na kwa sababu malori hayalingani unahitaji lile bamba la kuinuka na kushuka. Na nje uache kiwanja cha kutosha lori kurudi kinyumenyume. Nimeshaona ghala zuri kabisa lenye milango kumi ambapo minne haitumiki kwa sababu trela haliwezi kukata kona kuifikia. Minne.

Milango iwe upande mmoja au pande mbili zinazotazamana? Watu wanabishana sana hapa. Ikiwa upande mmoja mzigo unaingia, unazunguka, unatoka jirani na ulipoingilia, kwa hiyo wafanyakazi na foklifti wanasaidiana pande zote, kiwanja cha malori ni kimoja, ulinzi ni rahisi, na bidhaa zinazotoka haraka unaziweka karibu na milango zikapata safari fupi kuingia na kutoka. Ikiwa pande mbili mzigo unapita moja kwa moja na malori hayaingiliani, inafaa sana pale mzigo haulali, unashushwa hapa na kupakiwa kule siku hiyohiyo. Ila kwa ghala la kuhifadhi, pande mbili ina kasoro moja ambayo haionekani mpaka ufikirie: kila paleti, iwe inatoka haraka au polepole, lazima ivuke jengo zima. Hakuna mahali "karibu". Mimi kama sijapewa sababu nzito nachora upande mmoja.

Tuje kwenye njia za foklifti, hapa ndo pesa ya nafasi ilipo. Foklifti ya kawaida, ile yenye uzito nyuma wa kusawazisha mzigo, inataka njia ya karibu mita 3.5 mpaka 4 ili igeuke na paleti. Richitraki, ile ambayo dereva anakaa kiubavu na mlingoti, nguzo inayopandisha uma, unasogea mbele kufuata paleti, inaridhika na mita 2.7 mpaka 3. Halafu kuna mashine za njia nyembamba kabisa ambazo hazigeuki ndani ya njia, uma zake ndo zinageuka, hizo zinapita kwenye mita 1.6 mpaka 1.8. Chukua jengo la upana wa mita 60 na paleti za 1200 kwa 1000 zikiingizwa kwa kina cha 1200. Raki mbili mgongo kwa mgongo na uwazi wa sentimita 20 katikati ni mita 2.6. Ongeza njia ya 3.8 inakuwa 6.4, kwa hiyo unapata seti 9, safu 18 za paleti. Richitraki kwa njia ya 2.9 inakupa seti za 5.5, unapata 10, safu 20. Njia nyembamba ya 1.7 inakupa seti za 4.3, unapata 13, safu 26. Jengo ni lilelile, ukuta haujasogea hata inchi, na kutoka safu 18 umefika 26. Na foklifti ya kawaida mara nyingi inaishia mita tano sita kwenda juu wakati hizo nyingine zinaenda maradufu, kwa hiyo tofauti halisi ni kubwa kuliko hiyo.

Mtu akisoma hapo anasema basi tuchukue njia nyembamba. Ngoja kwanza. Mashine ya njia nyembamba inataka sakafu iliyonyooka vibaya sana. Chukua magurudumu yaliyoachana mita 1.2, moja liwe juu kuliko lingine kwa milimita 3 tu, kitu ambacho jicho halioni. Kwenye kimo cha mita 9 mlingoti utakuwa umeegemea pembeni milimita 22 na nusu, na hapo hujahesabu kutikisika mashine ikiwa inakimbia. Ndo maana kuna viwango maalumu vya sakafu za namna hii, Uingereza wana TR34 na Ujerumani wana DIN 15185, na ndo maana zege la ghala halimwagwi na fundi yeyote aliyezoea sakafu za nyumba. Kusawazisha baadaye kwa kusaga kunawezekana lakini ni kazi ya vumbi na gharama. Halafu ndani ya njia nyembamba mashine mbili hazipishani, ikiharibika moja katikati njia nzima imefungwa pande zote mbili, na mashine hizo hazifai kwenda kupakua lori, kwa hiyo unahitaji aina ya pili ya foklifti ya kuleta mzigo mpaka mwanzo wa njia, na hapo mwanzoni panahitaji nafasi ya kupokezana. Kama mzigo unatoka kwa kasi, safu 26 ambazo hazifikiki kwa wakati ni mbaya kuliko 20 zinazofikika. Ghala langu la kawaida, nikiachwa nichague bila kuambiwa mengi, ni richitraki.

Kitu ambacho watu wanakidharau na mimi kinanikera kuliko vyote ni nafasi iliyofungwa. Kuna raki za kuingia ndani, ambazo foklifti inaingia katikati ya nguzo na kupanga paleti kwa kina, tano au zaidi nyuma ya nyingine. Kwenye karatasi ni tamu mno, njia zimepotea, kila kona ina paleti. Sasa fikiria mkondo mmoja wa kina cha paleti 5 na ngazi 3, ni nafasi 15. Umeweka aitemu moja humo, wateja wamechukua 11, zimebaki 4 nyuma kabisa. Je, unaweza kuweka aitemu nyingine mbele? Ukiweka umezifungia zile nne ndani, ukitaka kuzitoa uhamishe mpya kwanza. Kwa hiyo nafasi 11 zinakaa tupu zikisubiri 4 zitoke, na mfumo kwenye kompyuta unakuambia una nafasi, na msimamizi anapiga kelele hakuna pa kuweka, na wote wawili wanasema kweli. Raki za aina hiyo pia zinatoa kwanza kilichoingia mwisho, kwa bidhaa yenye tarehe ya kuisha matumizi ni kujitafutia balaa. Zinafaa pale tu una aitemu chache, kila moja nyingi sana, na inatoka kundi zima kwa pamoja. Ukitaka kina halafu pia iliyoingia kwanza itoke kwanza, kuna raki za mteremko zenye rola, unaingiza nyuma paleti inashuka yenyewe mpaka mbele, nzuri sana, bei yake nayo si ya mchezo na inataka paleti nzima nzima, mbao ikiwa imevunjika inakwama katikati na kuifuata humo ni kazi.

Raki ya kawaida, ile kila paleti inafikika bila kugusa nyingine, inaonekana ya kishamba mbele ya hizo lakini ndo inayosamehe. Mzigo ukibadilika nayo inabadilika.

Hata hiyo ya kawaida usiijaze asilimia mia. Wazoefu huanza kuona ghala linasongwa likipita kama asilimia 85, 90 hivi, na sababu haihitaji utaalamu: nafasi zilizobaki ni za mbali, ni za kimo kisichofaa, dereva anazunguka na paleti akitafuta pa kuiweka, mwishoe anaiweka njiani "kwa muda", na ile ya muda inalala hapo siku tatu. Ukiambiwa unahitaji nafasi 2,000 usijenge 2,000.

Na kila aitemu iwe na mahali pake pa kudumu? Wengi wanapenda hivyo kwa sababu mtunza stoo anajua kwa kichwa kila kitu kiko wapi. Ila ukimpa kila mmoja mahali pake lazima umpe pa kutosha siku amejaa kabisa, na aitemu zote hazijai siku moja, hii inajaa ile inaisha. Ukiacha mzigo ukae popote penye nafasi zinaazimana, na jumla ya nafasi unayohitaji inashuka. Sharti lake ni mfumo wa kompyuta wenye lebo kwenye kila nafasi na nidhamu ya kuskani bila kuruka hata moja, kwa sababu paleti iliyowekwa "popote" bila kuandikwa imepotea, haina tofauti na iliyoibiwa. Mimi napenda mchanganyiko, sehemu ya chini ya kukusanyia oda iwe na mahali pa kudumu, akiba juu ikae popote.

Hiyo sehemu ya kukusanyia ndo penye jasho. Fani hii kwa miaka mingi imekadiria kwamba kukusanya oda kunachukua kama nusu ya gharama ya kuendesha ghala, na kama nusu ya muda wa mkusanyaji ni kutembea tu. Kutembea! Mtu analipwa siku nzima na nusu yake ni miguu. Sasa angalia oda zako, utakuta sehemu ndogo ya aitemu, pengine moja ya tano, ndo inabeba sehemu kubwa ya safari, ule mgawanyo ambao watu wanauita wa Pareto kwa jina la yule mchumi wa Italia. Hizo ziletwe karibu na mahali pa kufungashia, na kwa kimo ziwe kati ya kiuno na bega ili mtu asiiname wala asinyooshe mikono. Nzito zikae chini lakini si sakafuni kabisa. Zinazoagizwa pamoja zikae jirani. Na kinachopima kasi hapa ni idadi ya mara bidhaa inavyofuatwa, sio thamani yake wala wingi wake, maana aitemu inayotoka paleti 10 kwa oda moja kwa wiki inafuatwa mara moja tu, na ile ya katoni mojamoja kwa oda 60 inafuatwa mara sitini.

Ila usizibane zote zinazokimbia kwenye njia moja. Nimeona hili likifanyika kwa bidii kabisa, halafu wakusanyaji wanane wanakutana njia hiyohiyo saa nne asubuhi wanasubiriana kwa trolii. Zisambaze kwenye mianzo ya njia kadhaa. Na njia ndefu zikate katikati kwa njia ya kuvukia, utapoteza nafasi chache za raki na kuokoa kutembea kwingi. Kuna watafiti wawili Wamarekani, Kevin Gue na Russell Meller, mwaka 2009 walionyesha kwamba ukizikata njia za raki kwa njia kuu za mshazari, umbo likawa kama mifupa ya samaki, badala ya mistari iliyonyooka mitupu, safari ya kupeleka paleti moja moja kutoka mahali pamoja inaweza kupungua kwa karibu asilimia 20. Inakula sakafu zaidi kidogo na wenye majengo wengi wakiiona tu wanacheka, lakini inakufanya ujiulize kwa nini tunachora mistari iliyonyooka kila siku kama vile ni sheria.

Moto. Hapa ndo ndoto za kujaza mpaka darini zinapoishia, na ni sawa ziishie hapo. Kiwango cha Marekani cha NFPA 13 kinataka kati ya vinyunyizio vya dari na juu ya mzigo kuwe na uwazi wa angalau inchi 18, kama sentimita 46, na kwa vile vinyunyizio vya maji mengi vinavyowahi kuzima moto mapema ni inchi 36, sentimita 91. Vilevile ule uwazi kati ya paleti na paleti na kati ya raki na raki mgongoni sio nafasi iliyosahaulika, ni njia ya joto kupanda kuamsha kinyunyizio na ya maji kushuka. Mtu akisukuma katoni za ziada humo "zisipotee nafasi" ameiziba njia hiyo. Kwa hiyo mhandisi wa moto akae kwenye kikao cha kwanza, na akija wakati raki zimeshafungwa kitakachofuata ni kung'oa ngazi ya juu.

Nguzo za jengo nimezigusia mwanzo. Nguzo ikiangukia ndani ya safu ya raki, kwenye ule mgongo, haikusumbui sana. Ikiangukia katikati ya njia imekula njia nzima. Kwenye hesabu yangu ya richitraki seti ni mita 5.5, kwa hiyo nguzo zikiachana mita 11 au 16.5 zote zinaingia mgongoni, zikiachana 12 kwa sababu mchoraji alipenda namba kumi na mbili, zitaanza kuhama taratibu mpaka moja isimame mbele ya foklifti.

Watu wanaotembea na mashine zinazokimbia watenganishwe kwa vizuizi vya chuma. Rangi ya njano sakafuni haimzuii foklifti. Miguu ya raki iwekewe ngao hasa kwenye kona, kwa sababu itagongwa. Ulaya kiwango cha EN 15635 kinataka mtaalamu azikague raki angalau kila miezi 12 na uharibifu unapewa rangi: nyekundu unashusha mzigo papo hapo, ya kati ukishashusha hupandishi tena mpaka itengenezwe. Mguu uliopinda sio urembo wa ghala la zamani.

Roboti je? Nikiulizwa swali hili najua mtu ameangalia video. Amazon walinunua kampuni ya roboti za ghala ya Kiva mwaka 2012 kwa dola milioni 775 na tangu hapo kila mwenye stoo anataka rafu zitembee zenyewe. Ni teknolojia ya kweli na inaondoa kile kutembea nilichosema, ila inapenda oda nyingi ndogo, aitemu zenye vipimo safi na takwimu zisizo na uongo. Kama hesabu ya stoku haifanani na kilichopo kwenye rafu, roboti atakwenda kwa kasi kubwa kukuletea rafu tupu. Safisha takwimu kwanza.

Kabla ya kufunga boliti ya kwanza, chukua mkanda wa kubandika uchore njia na raki sakafuni kwa vipimo halisi, dereva wako aliyezoea kuliko wote apite humo akiwa na paleti yako kubwa kuliko zote. Atakuambia kwa dakika kumi kitu ambacho mchoro haukusema. Msikilize hata kama anakoroma.

Na amua mapema ghala litakua kuelekea upande gani. Upande huo usiweke transfoma, wala tangi la maji ya kuzimia moto, wala ofisi, wala chumba cha kuchajia betri, ambacho kwa betri za risasi na asidi kinahitaji hewa ya kutosha kwa sababu zinatoa haidrojeni wakati wa kuchaji. Vyote hivyo vipeleke kwenye ule ukuta ambao hautasogezwa, na mabomba ya vinyunyizio yaishie na flenji (ile sahani ya mwisho wa bomba inayofungwa kwa boliti) iliyozibwa pale pa kuendelezea, ili siku ya kuongeza seti nyingine tano za raki fundi afungue boliti tu aendelee.